Waliokaa Nyuma ya Mwalimu Ghati

Habari za kifo cha Mwalimu Ghati zilinifikia nikiwa kazini Mwanza, kwenye kikao ambacho kijana mmoja wa ofisini kwetu alikuwa akituonyesha slaidi zake. Niliusoma ujumbe, nikaigeuza simu kifudifudi juu ya meza, nikaendelea kumtazama yule kijana bila kusikia alichokuwa akisema. Siku mbili baadaye nilikuwa msibani Nkende, nimeketi kwenye jamvi pamoja na akina mama, na mchungaji aliyekuwa akiandaa wasifu wa marehemu akaniomba nimtajie jambo moja alilonifundisha Mwalimu. Sentensi moja ingemtosha, alisema. Nilimwambia alinifundisha kazi, naye akaandika neno hilo kwenye daftari lake, akashukuru, akaenda kwa mtu mwingine. Jibu langu halikuwa la uongo, lakini lilikuwa la mtu anayekwepa. Jibu kamili linahitaji mwaka mzima, ule niliomtengenezea Mwalimu Ghati skrini ya kompyuta, nao ndio ninaouandika hapa. Nyumbani kwetu na nilivyolelewa sitavigusa. Havikuhusika na kosa nililolifanya.

Nilikuwa na miaka ishirini na minne, nina stashahada ya kompyuta, na niliamini kwa moyo wote kwamba watu hudhulumiwa kwa sababu hawajui, hivyo wakishajua hawatadhulumiwa tena. Nusu ya imani hiyo ninayo hadi leo. Shirika dogo lililoniajiri lilikuwa limepanga vyumba viwili nyuma ya duka la Mzee Salum, fundi cherehani ambaye babu yake alitoka pwani na ambaye mwenyewe alizaliwa Tarime. Kati yetu na yeye palikuwa na ukuta wa mbao nyembamba, kwa hiyo siku nzima tulisikia cherehani yake na maneno ya wateja wake. Ilikuwa miaka ya dhahabu. Watu walikuja kutoka kila upande, na maneno yote yaliyopita kwenye ule ukuta yalihusu mawe: nani kabahatika kwenye machimbo ya Nyakunguru, nani kafukiwa, nani kauza ng'ombe wote akanunua mashine ya kusaga mawe ambayo haijasaga hata moja. "Usiniambie amepata," nilimsikia mwanamume mmoja akisema, "maana jana tu alikuwa ananiomba sigara." Mwingine akamjibu, "Na leo akikuomba, mpe haraka, kabla hajakusahau."

Kazi yetu ilikuwa kuzunguka vijiji vilivyo kandokando ya mgodi mkubwa na kuwaeleza watu haki zao kabla wathamini wa ardhi hawajafunga daftari lao. Kwenye maeneo yaliyotarajiwa kuchukuliwa zilikuwa zikichipuka kila wiki nyumba ambazo watu waliziita tegesha: mabati juu ya miti michache, bila jiko, bila kitanda, zimejengwa ili mthamini azikute na kuziandika. Mipaka ya mashamba iliyoheshimiwa tangu enzi za mababu ilisogea usiku kucha. Ndugu walipelelezana. Ukimsalimia mtu njiani, aliyekuwa naye alitaka kujua kwa nini umemsalimia. Katika hali hiyo tuliingia vijijini na projekta, jenereta, na Mwalimu Ghati, mstaafu wa kike mwenye sauti iliyofika dawati la mwisho bila kupandishwa.

Mkutano wetu wa kwanza uliharibika kwa sababu ya mgongo. Kompyuta niliiweka kando yangu, Mwalimu akasimama mbele ya watu, na kila slaidi ilipobadilika alilazimika kuugeukia ukuta ili aisome. Mara ya nne au ya tano alipogeuka, mzee mmoja alipaza sauti: "Mwalimu, tumekuja kuzungumza na wewe au na mgongo wako?" Watu wakacheka. "Usiudharau," kijana mmoja akadakia, "huo mgongo nao umesoma!" Mwalimu Ghati hakucheka. Tuliporudi, akiwa bado hajavua viatu vyenye vumbi, aliniambia, "Mwanangu, huku kwetu mtu akikupa mgongo wakati anazungumza, ameshamalizana na wewe. Nitafutie namna ya kuujua ukuta bila kuutazama."

Programu za slaidi zenye skrini ya msemaji zilikuwepo, nilizijua chuoni. Lakini ile iliyokuwa kwenye kompyuta yetu kuukuu ilikwama kila baada ya dakika chache, maandishi yake yalikuwa ya Kiingereza na madogo kama ya dawa za kikohozi. Nikaamua kuandika yangu. Wazo lilikuwa rahisi: wananchi waone slaidi ukutani, na Mwalimu aone kwenye kompyuta iliyo mbele yake kila kitu ambacho msemaji anakihitaji. Miezi mitatu tuliifanya kazi hiyo mchana, kwenye chumba cha nyuma, sahani zikiwa bado mezani. Tulikula ugali wa muhogo na dagaa, na siku za mnada Mwalimu alileta kichuri cha mbuzi, ule mchuzi mchungu wa utumbo, kwenye bakuli lenye mfuniko, akinicheka nilivyokunja uso kwa uchungu wake. Tulipomaliza kula alisimama, akaegemeza mgongo ukutani kwa sababu chumba kilikuwa kidogo, akaiweka kompyuta juu ya kigoda, akanihutubia kana kwamba mimi ndiye kijiji kizima.

Hakuna mtu aliyewahi kuisahihisha kazi yangu kwa ukali ule. Niliweka saa inayohesabu dakika kurudi nyuma, ikawa nyekundu zilipobaki tano. "Hii ni saa ya mtihani," alisema. "Nani kakuambia mzee akisimama kuuliza ana dakika mbili? Itoe." Nikaitoa, nikaweka mstari mwembamba unaosogea taratibu chini ya skrini, akaukubali. Niliweka slaidi ya sasa na ya ijayo kwa ukubwa sawa. Mara mbili akasoma ya ijayo badala ya ya sasa, akanitazama kama mwanafunzi aliyechelewa. Ya ijayo nikaipunguza, nikaisogeza pembeni. Chini yake niliweka nafasi ya maelezo yake mwenyewe, yale ambayo wananchi hawatayaona. "Kuza herufi," alisema. Nikakuza. "Tena." Nikakuza tena. "Macho haya yamesahihisha madaftari miaka thelathini na zaidi, mwanangu. Usiyaonee haya. Kuza." Mwishowe maelezo yalichukua nusu ya skrini, meusi juu ya weupe, yakisomeka hata kwa mtu aliyesimama mlangoni. Niliona fahari. Leo, vijana ninaofanya nao kazi wakiniletea michoro yao, ninakumbuka jinsi nilivyomuuliza Mwalimu kila kitu kuhusu macho yake, mikono yake na mwendo wa kusoma kwake. Sikumuuliza atakuwa amesimama wapi. Nilimwona kila siku ameegemea ukuta, nikauchukua ule ukuta kuwa sehemu ya dunia.

Robi alianza kuja katika mwezi wa pili wa kazi hiyo. Alikuwa mjane asiyefika miaka thelathini, ana mtoto mgongoni, anatoka kijiji kimoja cha upande wa Nyangoto ambacho sitakitaja. Aliingia kwa Mzee Salum na gauni la kushona, akakaa kwenye benchi la wateja mpaka alipoona njia iko wazi, ndipo akapita mlango wa ndani kuja kwetu. Safari ya tatu nilimsikia Mzee Salum akimwambia, "Mama, gauni hili nimelishona mara mbili, na zote mbili halikuwa limechanika." Robi akamjibu, "Basi lichane, baba, halafu ulishone." Mzee alicheka mpaka cherehani ikasimama, na kuanzia siku hiyo yeye mwenyewe alimfungulia mlango.

Shida yake ilielezeka kwa maneno machache. Marehemu mumewe alinunua shamba la mihogo kando ya korongo, na ipo barua ya mauziano iliyoandikwa kwa mkono, yenye saini za mashahidi wawili. Wathamini walipopita, mwenyekiti wa kitongoji aliwaongoza mwenyewe, na shamba likaandikwa kwa jina la mdogo wake. Robi alikuwa na nafasi moja tu, kuweka pingamizi katika ofisi ya ardhi ya wilaya kabla daftari halijafungwa, na barua hiyo ndiyo ilikuwa ushahidi wake pekee. Tulipanga aende Jumatatu itakayofuata mkutano wetu kijijini kwake, siku ambayo tulitarajia watu wengi waende, ili apotee katikati yao. "Jina langu lisitajwe," alisema. "Halitatajwa," Mwalimu akamjibu, na alimaanisha hivyo. Lakini Mwalimu alikuwa na tabia iliyomtoka darasani: pembeni mwa kila somo aliandika mtoto wa kumwangalia ni yupi na kwa nini. Kwenye daftari la mkutano ule, kando ya slaidi ya saba, aliandika hivi: *Robi yupo ukumbini. Usimtazame. Shamba lake la korongoni limeandikwa kwa jina la mdogo wake mwenyekiti. Barua iko nyumbani kwake, ndani ya debe la unga. Anakwenda wilayani Jumatatu. Sisitiza siku za pingamizi.* Niliyeyanakili maneno hayo kwenye kompyuta, neno kwa neno, ni mimi. Nilihakiki mpaka tahajia.

Mkutano ulifanyika siku ya Alhamisi asubuhi, ndani ya jengo la kanisa, kwa sababu tulihitaji giza la projekta na kanisa lilikuwa na madirisha machache ya kuziba kwa mablanketi. Nilifunga projekta kwenye benchi katikati ya ukumbi, nikalaza kebo chini ya mkeka mpaka mbele, nikaiweka kompyuta kwenye meza ndogo mahali ambapo Mwalimu angesimama akiwatazama watu. Kisha nikarudi kukaa karibu na projekta, kama nilivyojizoeza. Wakati nikiangalia jenereta nje, vijana wa kijiji walipanga meza kuu. Kila anayesoma haya anajua meza kuu inakaa wapi. Hakuna mkutano katika nchi hii, uwe wa harusi au wa mazishi ya serikali, ambao wakubwa hawaketi mbele wakiwatazama wananchi, na msemaji anasimama mbele yao. Nimeziona mamia. Waliketi watano: diwani mstaafu, katekista, Mzee Wambura aliyekuwa msemaji wa ukoo, mtendaji, na mwenyekiti wa kitongoji. Picha zilikuwa zikionekana ukutani, juu ya vichwa vyao. Wangetaka kuziona wangelazimika kugeuza shingo, jambo ambalo mkubwa halifanyi mbele ya watu. Hatua tatu mbele yao, ikionekana juu ya bega la Mwalimu, palikuwa na skrini inayong'aa yenye herufi kubwa.

Mwanzo ulikwenda vizuri kuliko nilivyoota. Mwalimu hakugeuka hata mara moja. Aliwatazama watu, akashusha macho, akayapandisha tena, na ukuta ulimfuata. Alipofika slaidi ya tatu nilimwona Mzee Wambura akitabasamu kabla Mwalimu hajafungua mdomo, na nilifurahi, nikidhani somo limemgusa. Maelezo ya slaidi ile yalisema: *Mzee Wambura atauliza kuhusu makaburi. Mpe heshima, usimkatize.* Kwenye slaidi ya tano katekista alimnong'oneza mtendaji, wote wakatazama mahali pamoja. Bado sikuona. Niliona watu wazima wanaofuatilia mkutano kwa makini.

Slaidi ya saba ilipotokea, mwenyekiti alitoa miwani mfukoni. Aliifuta kwa ncha ya shati, akaivaa, akainama mbele na viwiko vyake mezani. Midomo yake ilikuwa ikisogea. Mtu anayemsikiliza msemaji hasogezi midomo. Anayesogeza midomo ni mtu anayesoma. Nilifuata macho yake kutoka kwenye miwani, nikavuka bega la Mwalimu, nikafika mwisho wa mstari huo: kwenye herufi nilizozikuza mwenyewe. Mwenyekiti alichana kipande cha karatasi, akaandika, akakikunja, akampa kijana aliyesimama kwenye mlango wa pembeni. Kijana akatoka.

Jambo la kwanza nililofanya lilikuwa la kipumbavu: nilizima projekta. Ukuta ukawa mweusi, watu wakaguna, na ile skrini niliyopaswa kuizima ikazidi kung'aa katika giza. "Binti, umeme wenu umechoka?" sauti moja ikauliza kutoka upande wa wanaume. Nikasimama. Kutoka benchi langu mpaka mbele zilikuwa safu sita za watu waliobanana, nami nilikuwa msichana katika mkutano wa wazee. Nilipita nimeinama, nikisema "samahani, baba, samahani, mama," nikikanyaga miguu, mpaka nikafika kwa Mwalimu.

"Unafanya nini?" aliuliza bila kusogeza midomo.

"Wanasoma nyuma yako. Mwenyekiti ameshasoma. Ametuma mtu."

Sijawahi kuona uso wa mtu ukifanya kazi nyingi hivyo kwa muda mfupi. Aliushusha mfuniko wa kompyuta, taratibu, kama mtu anayefunga kitabu cha sala. Kisha akawageukia wakubwa, akawaomba radhi kwa hitilafu ya mitambo, na akatangaza kwamba ataendelea kwa mdomo kwa kuwa maswali ni mengi na hataki mtu aondoke hajajibiwa. Kwangu mimi alisema maneno mawili: "Nenda naye." Nilichelewa kuelewa alichokifanya. Mwenyekiti ndiye aliyepaswa kuufunga mkutano, na mwenyekiti hainuki meza kuu msemaji akiwa bado amesimama. Mwalimu Ghati aliamua kutokaa.

Robi alikuwa upande wa wanawake, karibu na mlango. Nilichuchumaa, nikamwambia sikioni yote, nikamaliza kwa kusema, "Wanakwenda kwako. Barua."

Aligusa kiuno chake, mahali khanga ilipofungwa fundo. "Barua natembea nayo," alisema.

"Lakini ulituambia iko kwenye debe la unga."

"Niliwaambia ninyi."

Alimkaza mtoto mgongoni, tukatoka. Tulipanda pikipiki moja, dereva, yeye na mimi nyuma, mpaka Tarime mjini. Mwalimu alihutubia kwa saa tatu na nusu. Nilihadithiwa baadaye kwamba alimruhusu kila mzee aulize, akamshukuru kila mmoja kwa jina na kwa ukoo, na kwamba mwenyekiti aliomba udhuru mara mbili na mara zote mbili wazee wenyewe wakamwambia akae, Mwalimu hajamaliza. Jioni ile, sauti ikiwa imekauka kabisa, aliniambia, "Maneno niliyaandika mimi. Kuyakuza nilikulazimisha mimi." Nikamwambia kwamba kuuliza nani ameketi wapi ilikuwa kazi yangu. Alifikiri, kisha akatikisa kichwa kukubali, na hakujaribu kunifariji. Kesho yake asubuhi niliibadilisha programu ili maelezo yasionekane mpaka msemaji ayaite kwa kidole, na yakionekana yawe madogo, naye Mwalimu akanunua miwani mipya bila kulalamika. Hilo ndilo alilonifundisha, na sijui mchungaji angeliandikaje.

Katika ofisi ya ardhi tulikuta foleni fupi. Tulikaa kwenye benchi, simu ya Robi ikalia. Alikuwa jirani yake, anazungumza kwa sauti niliyoisikia bila kutaka: watu wawili wameingia ndani, godoro limechanwa, unga wote umemwagwa sakafuni na kuku wanaula. Robi alisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Wafukuze kuku," akakata. Kabla mvua hazijaanza alihamia kwa kaka yake upande wa Mugumu, kwa kuwa hakuweza tena kulala katika kitongoji kile. Pale kwenye benchi alilijua hilo tayari. Nilianza kumwomba msamaha. Akanyanyua kiganja, akanizuia, kwa sababu karani alikuwa anamwita.

Karani alikuwa mama mtulivu. Aliisoma barua pande zote mbili, akauliza majina ya mashahidi, akafungua daftari la mapingamizi, akaandika taratibu kwa kalamu ya bluu. Robi hakujua kusoma vizuri. Karani alipomaliza, Robi aliniambia nimsomee kilichoandikwa. Nilisoma: jina lake, jina la marehemu mumewe, shamba la mihogo, korongo, mipaka minne. "Tena," alisema, na nikasoma tena. Aliweka kidole chake juu ya jina ili alione lilivyokaa, akakiacha hapo kidogo. Kisha akaikunja barua, akaifunga kwenye fundo la khanga, akasimama.

"Wiki hii jina langu limeandikwa mara mbili," aliniambia. "Hapa wameniuliza kwanza."

Nilitaka kumsindikiza mpaka kituoni. Alisema njia anaijua.